Saa za Darasa Hakuna Mama

Jumatatu, 12 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Barazani panavuja, darasa limehamia sebuleni. Ubao nimeuegemeza kwenye kabati la vyombo, Mweri mkekani, Jalila kwenye kiti chake karibu na dirisha. Saa mbili kamili nikapiga kengele — ijapokuwa wanafunzi wote wawili walikuwa wameshakaa wananitazama! Kengele ni kengele. Niliichukua siku ile shule yetu ilipofungwa kwa ajili ya korona na isifunguliwe tena. Wenzangu waligawana viti, mmoja akaondoka na saa ya ukutani. Mimi kengele. Nimeipiga pale miaka kumi na moja, na huu mwaka wa tano naipiga hapa Mtongwe, kwa binti zangu wawili.

Sioni haya. Jalila ana miaka kumi na mitatu na Kiingereza chake kinamshinda mtangazaji wa redio. Mweri ana kumi, hesabu za sehemu anazimaliza kabla sijaketi. Nani Likoni hii ana mwalimu wake peke yake?

Lakini leo Jalila kanikera. Tuko kwenye aljebra, kimya kizuri, mara: "Mama." Nikamtazama tu. Akarudia: "Mama, naomba —" Nikamwambia saa za darasa hakuna mama hapa. Kuna mwalimu. Ukiwa na jambo, inua mkono. Sheria ileile ya siku ya kwanza, bila hiyo nyumba hii ingekuwa soko. Akanitazama. Mkono hakuinua. Akasema basi, hamna kitu. Kisha akainuka kwenda msalani uani, na asirudi mpaka aljebra ilipokwisha.

Ujanja wa kukwepa aljebra! Naujua, nimekula nao meza moja miaka yote ya ualimu. Nikampa hesabu za ziada.

Ijumaa, 16 Mei

Jalila siku hizi mchana wote yuko kwa Dorothy, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Dorothy ni fundi wa nguo, Mkamba, mumewe Kioko yuko kiwandani Changamwe. Ati anajifunza kushona. Haya, si vibaya. Nimeiingiza kwenye ratiba: Sanaa na Ufundi, saa nane. Lakini kanuni ya ratiba ni kwamba mwalimu naye ajue kinachofundishwa, na nikimuuliza ameshona nini anasema vifungo. Wiki nzima vifungo! Nguo gani hiyo ina vifungo hivyo vyote?

Mwidani kapiga simu kutoka njiani, trela imekaa foleni ya mizani tangu jana. Nikamweleza mwanawe amekuwa mkimya. Akasema ni umri. Akasema, wewe ndiye mwalimu, wajua zaidi. Mume wangu neno hilo ndilo godoro lake, akilisema tu amelala.

Jumanne, 27 Mei

Nimeona vifungo kwa macho yangu.

Jioni nilikwenda kwa Dorothy kukopa chumvi. Mlango wazi, cherehani imenyamaza. Jalila amesimama mbele ya kile kioo cha wateja, amevaa sare ya Phoebe. Phoebe ni binti wa Dorothy, rika moja na wangu, yuko gredi ya nane hapo shule ya kule chini mtaani. Sketi ya kijivu, shati, sweta, mpaka soksi! Sketi inamfika chini ya magoti, sweta imembana mabega. Alikuwa akijitazama kwa nyuma, shingo ameipinda. Na Phoebe kitandani anacheka, anamwambia tembea kidogo, tembea kama mtu aliyechelewa.

Aliponiona kwenye kioo hakushtuka. Hilo ndilo limeniuma. Alianza tu kufungua vifungo, kimoja kimoja.

Dorothy akatoka jikoni mbio. "Mama Jalila, usikasirike. Alikuwa ananipimia tu. Hii sketi nataka kuishusha pindo." Mwongo mwema. Nikachukua chumvi, nikashukuru.

Usiku wa leo akasema mwenyewe, bila kulia. Anataka kwenda shule. Nikamweleza kwa utulivu: darasa moja watoto themanini, mwalimu wa Sayansi hakuna, mwaka jana muhula mzima walikaa na kitabu kimoja cha Jiografia. Hapa ana vitabu vitatu. Akasema anajua. Akasema anataka kukaa na watu. Nikamuuliza, na mimi je, si mtu?

Mweri ndiye aliyejibu, kwamba mimi ni mtu lakini ni mmoja. Nikamwamrisha akalale.

Jumapili, 8 Juni

Idi imekuja na imeondoka. Pilau, wageni, nguo mpya. Mavyaa wangu, Bi Mwanatabu, alikuja na wifi yangu Nyamvula, mdogo wake Mwidani, aliyepanga nyumba huko Mtopanga na kufanya kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Nyali. Wifi huyu nampenda kwa mbali. Akikaa karibu huniuliza lile swali lake: "Wifi, na hawa watoto utawatoa lini nje?" Kama kwamba nimewafungia kwenye tenga!

Jalila alikaa ubavuni kwake mchana kutwa. Walikuwa wakinong'ona. Nilipokaribia na sinia ya halua wakaanza kuzungumzia halua.

Jumatano, 11 Juni

Sijui niandike vipi. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Magharibi nimetandika misala mitatu. Mweri yuko tayari, Jalila yuko barazani ameketi. Nikamwita. "Abee." Njoo tuswali. Hakuinuka. Jana pia hakuswali nasi, alisema ataswali chumbani. Nikatoka. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Siswali."

Neno moja tu, tena kwa sauti ya chini. Nami nikasikia mambo mengine kabisa — nikasikia shule, sare, Dorothy, kanisa la Dorothy, minong'ono ya wifi, yote yamekusanyika katika neno hilo. Nikampiga kofi. Sijawahi kumpiga mtoto huyu usoni. Darasani sijapiga mtoto wa mtu tangu nianze kazi.

Mweri nyuma yangu akasema: "Mama, hawezi. Ana udhuru."

Mkono ulikuwa umeshatua ndipo akili ikafika.

Ana udhuru. Mwanangu amevunja ungo. Na Mweri anajua! Mtoto wa miaka kumi anajua, mimi sijui. Nikamuuliza Jalila tangu lini. Akasema mwezi jana. Akainuka akaenda chumbani, taratibu, mkono shavuni.

Niliswali na Mweri. Sijui niliswali rakaa ngapi.

Alhamisi, 12 Juni

Hakuna darasa leo. Kengele sikuigusa.

Nilikwenda kwa Dorothy asubuhi kabla ya wateja. Nilikwenda kugomba, Mungu anajua. Akanipa kiti, akaniwekea chai, akaniambia bila hata kungoja swali.

"Ile siku ya mvua alikuja kwangu mbio, saa nne hivi, kwa mlango wa uani. Alikuwa analia. Nguo imechafuka. Nikamsafisha, nikampa pedi za Phoebe, nikamwonyesha. Nikamwambia sasa enda uambie mama yako. Akaniambia mama yuko darasani. Mimi nikashangaa, darasani wapi, na nyinyi mko hapo nyumbani?"

Kwa nini hukuniambia wewe, nikamuuliza.

"Nilidhani amekuambia. Na hayo ni mambo ya mama na mtoto wake, mimi nitaingilia aje?"

Nikaiacha chai. Nimerudi nyumbani, nimekaa kitandani. Kinachonichoma zaidi ni kwamba nilifundisha! Mwaka jana, mwezi wa Novemba, somo zima la balehe. Nilichora ubaoni kwa chaki za rangi tatu. Nyekundu, buluu, njano. Niliwaambia wanakili mchoro na waandike majina ya sehemu. Jalila alipata kumi kwa kumi! Nikafanya zoezi la maswali, nikasahihisha, nikafunga mada. Nikajipongeza kwamba watoto wangu hawatapigwa na butwaa kama nilivyopigwa mimi kule Chaani, ambapo mamangu alinitupia kitambaa na neno moja: angalia.

Kumi kwa kumi. Na siku ilipofika akakimbilia kwa jirani.

Nimemwomba radhi kwa lile kofi. Akasema, "Si kitu, mwalimu." Saa kumi na moja jioni! Hakuna darasa, hakuna kengele — mwalimu!

Jumamosi, 14 Juni

Mavyaa amekuja. Sikumwita. Habari katika ukoo huu hazihitaji simu.

Shikamoo, marahaba, hali ya mwanangu Mwidani, hali ya mvua. Kisha: "Nasikia nyumbani kwako muna mwari, na hapana aliyeniambia." Nikasema sikujua mwenyewe. Akasema hilo ndilo aibu kubwa zaidi, lakini si aibu ya kufa. "Umelifundisha, nasikia. Kwa ubao."

Nikasema ndiyo, kisayansi.

"Mwanangu. Mama humfundisha mwana kula, na kusema, na kuswali. Wewe umeongeza na hisabati, wallahi hongera. Lakini hili si la mama. Hili ni la somo, kungwi wa mwari. Mwana hawezi kumuuliza mamake yale aliyo nayo kifuani, kwa sababu nusu ya yale ni mamake mwenyewe."

Kwetu Chaani mambo haya yalikuwa yamekufa. Huku kwao bado yako hai, nami nilipoolewa nikayaona kama mapambo — nyimbo, hina, wali. Sasa mavyaa ananieleza yanavyokwenda: mwari hukaa siku saba kwa somo wake. Husingwa mwili kwa manukato, hupumzika, hufunzwa. Mama haruhusiwi kumwona wala kuuliza. Alichosema mwari kwa somo, hakitoki. Siku ya kurudishwa, mama hujifungia ndani ya nyumba yake peke yake, wanawake wako nje. Somo hupiga hodi mara tatu. Hodi ya tatu husema mbele ya watu jambo moja ambalo mwari anamwomba mamake. Mama akifungua mlango, amekubali.

Nikauliza, na asipofungua? Mavyaa akanitazama kama niliyeuliza jua lisipochomoza. Akasema hajapata kusikia mama asiyefungua mlango.

Huomba nini? Bangili, akasema. Viatu. Yeye aliomba kitanda chake mwenyewe. Wa siku hizi huomba simu.

Kisha akamwita Jalila, na mbele yangu akamuuliza anamtaka nani awe somo wake. Nilijua jibu kabla hajalitoa. "Shangazi Nyamvula."

Yule yule! Aliyekuwa akiniuliza nitawatoa lini nje! Nilitaka kusema hapana. Jalila alikuwa ametazama sakafu, na shavu lile la kushoto — sijui kama kweli bado lilikuwa jekundu au ni macho yangu. Nikasema inshallah.

Jumatatu, 16 Juni

Wameondoka. Wifi amechukua likizo ya wiki kazini, nami sikutegemea hilo. Jalila alifunikwa leso mbili mpaka macho. Begi dogo. Nikamtilia kitabu cha hadithi na kile cha Hisabati. Wifi akafungua begi hapo hapo, akatoa cha Hisabati, akaniwekea mkononi.

Saa mbili nikapiga kengele kwa mwanafunzi mmoja.

Jumatano, 18 Juni

Mweri hataki kusoma. Si mkaidi, ni mnyonge. Leo katikati ya imla aliweka kalamu chini: "Mwalimu, nikikosea nimtazame nani?" Nikamwambia anitazame mimi. Akasema mimi sikosei.

Tukaacha imla. Tukakaa jikoni tukimenya muhogo. Mikono ikifanya kazi, mdomo nao hufunguka, na nikauliza nilichokuwa nimejizuia wiki nzima. Nikamuuliza ile siku ya mvua dada alikwambia nini.

Akasema hakumwambia kitu, aliona mwenyewe. Aliona damu kitini. Na dada alikuita, akasema, hukumbuki? Alikuita mama, mara mbili. Ukamwambia hapa hakuna mama.

Kisu kilinipita kidoleni. Si sana. Mweri akaleta kitambaa, akanifunga vizuri kama nilivyomfundisha kwenye Huduma ya Kwanza.

Kwamba hapa hakuna mama. Aljebra! Ningeacha aljebra ingekufa? Mwanangu amekaa kwenye kiti chake, damu inamtoka kwa mara ya kwanza maishani mwake, ananiita jina langu, na mimi namwambia ainue mkono. Kisha nikampa hesabu za ziada. Alizifanya zote. Zote sahihi, nilizisahihisha mwenyewe.

Alhamisi, 19 Juni

Nimefanya upuuzi.

Nilimwacha Mweri kwa Dorothy, nikavuka feri, nikaenda mpaka Mtopanga. Njiani nilipanga maneno. Nitamwambia samahani, nitamwambia sikujua, nitamwambia hili na lile. Nilifika kwa wifi nikiwa nimeloa jasho. Nikabisha. Wifi akafungua mlango upana wa kiganja, amesimama katikati.

"Wifi. Karibu — lakini usiingie."

Nikasema nataka dakika moja tu. Akatikisa kichwa. Nikasema mimi ni mamake. Akasema ndiyo maana.

Na hapo nikasikia. Ndani huko, chumba cha nyuma, Jalila alikuwa akicheka. Si kile kicheko chake cha kuniridhisha. Kicheko cha tumbo, cha kukosa pumzi, kile alichokuwa nacho akiwa na miaka saba, minane. Nilikuwa nimekisahau! Nilisimama pale mlangoni kama mwizi wa kuku nikisikiliza mtoto wangu akicheka.

Anacheka nini, nikauliza.

"La somo halitoki, wifi." Kisha sauti yake ikalegea. Akanishika mkono huu wenye kitambaa, akauliza umefanyaje, nikasema muhogo. "Rudi nyumbani, wifi. Unywe maji kwanza." Akaniletea maji hapo hapo mlangoni, nikanywa wima.

Ningependa awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi.

Ijumaa, 20 Juni

Mwidani amerudi kutoka safari. Baada ya swala ya Ijumaa tukakaa. Nikamwambia yote, mpaka muhogo. Nikamtaka aniambie ukweli na asiniambie wewe ndiye mwalimu.

Akavua kofia yake ya swala. Kisha akasema, "Mimi mwenyewe nikiwa hapa nikisikia ile kengele, hukaa wima. Nikiwa kitandani, hukaa wima. Nyumbani kwangu."

Nikacheka, naye akacheka, halafu mimi nikalia. Nikamwambia jambo ambalo hata humu sijapata kuliandika. Wale wazazi wa ile shule yetu walikuwa wakinisimamisha sokoni, mwalimu, mwalimu, mtoto ameanza kusoma. Siku hizi napita sokoni kama mtu yeyote mwenye kikapu. Hawa wawili ndio shule iliyobaki. Jalila akienda, Mweri ataenda mwaka ujao. Asubuhi itafika saa mbili na mimi nitakuwa nimesimama sebuleni na chaki. Naogopa. Naogopa hilo kuliko hao watoto themanini na kile kitabu kimoja.

Mwidani hakunipa dawa. Alinishika tu bega. Akauliza, unadhani ataomba nini? Nikasema simu. Wote huomba simu, mamako kasema.

Akasema atanunua kesho, iwe tayari.

Jumapili, 22 Juni

Simu iko mezani, ndani ya boksi lake. Nyeusi, na kava la waridi alilochagua Mweri. Nimeiweka mahali ambapo nikifungua mlango, kitu cha kwanza atakachokiona ni hicho.

Nimefagia. Nimeondoa ubao sebuleni nikauweka nyuma ya kabati. Nikaurudisha. Nikauondoa tena. Mweri ananitazama.

Nimezungumza na nafsi yangu leo kutwa. Simu ni sawa. Simu nitafungua mlango hata kabla ya hodi ya tatu! Akiomba bangili nitampa zangu. Ya Rabi, aombe bangili.

Jumatatu, 23 Juni

Naandika nikiwa nimesimama, daftari juu ya kabati. Wamefika.

Nilijifungia nilipowasikia kwenye kona. Ngoma ya kidumbaki, vigelegele, nusu ya Mtongwe iko nje. Sauti ya mavyaa juu ya sauti zote. Mweri yuko huko nao, nimempa ruhusa. Dorothy pia na Phoebe, nimemsikia Dorothy akipiga kigelegele cha Kikamba kikawashangaza wote, wakacheka. Mwidani wamemfukuza, yuko kwa jirani wa tatu anachungulia.

Hodi ya kwanza. Wifi: "Hodi mwenye nyumba, nimekuletea mwanao." Nikaitikia kama nilivyofundishwa: nimesikia. Naandika kwa makusudi. Nikishika kalamu hutulia.

Hodi ya pili. "Nimempokea mtoto, nakurudishia mtu." Nimesikia. Vigelegele.

Ufunguo uko mlangoni. Ni kuuzungusha tu.

Hodi ya tatu. Wamenyamaza wote, hata ngoma. Wifi akasema, na sauti yake haikuwa ya kunishinda, ningeisikia kama ingekuwa hivyo. Alisema polepole:

"Mwari wangu ana ombi moja kwa mamake. Anataka kwenda skuli, hapo anaposoma Phoebe. Anasema mwalimu wake amemfundisha vizuri, hana lawama naye. Lakini akirudi mchana, mlango akiufungua, anataka amkute mama."

Sikusema nimesikia. Nilisikia.

Simu iko mezani na kava lake la waridi.

Wanangoja. Mtu amekohoa. Mtoto wa mtu amelia, akanyamazishwa. Mavyaa: "Mke wa mwanangu, watu wamesimama juani." Nimesema, au nimedhani nimesema, nakuja. Naiona kengele hapo juu ya friji, na chaki kwenye kikombe. Nikiufungua mlango huu, kesho saa mbili itafika na —

Mweri yuko dirishani. Amepanda juu ya tofali, kichwa chake kidogo baina ya nondo. Ananong'ona. "Mama. Mama, mtazame dada."

Nimesogeza pazia. Jalila amesimama mbele ya mlango, leso mpya, hina mpaka kwenye viwiko. Hatazami dirishani, anatazama mlango. Wanawake wote wamemtazama, hawaelewi, wanadhani ni sehemu ya mambo ya somo. Wifi mwenyewe haelewi, naona usoni mwake.

Ameinua mkono. Juu kabisa, umenyooka, kama nilivyomfundisha. Anangoja nimwite.

Jua kali. Mkono umeanza kutetemeka. Hajaushusha.